Kutoka kambi za wakimbizi hadi mraba wa katikati: kwa nini kiungo wa mpira wa Australia huchelewa kupatikana kati ya vijana wa Maziwa Makuu

SANGE – Simu ikipigwa kutoka Australia na kuleta habari kwamba kijana wa familia fulani amechukuliwa na timu ya mpira, watu wa hapa huuliza kwanza jambo moja: anacheza nafasi gani? Beki ana heshima yake na mshambuliaji ana jina lake, lakini kiungo ndiye mtu ambaye kocha amemkabidhi timu. Jibu linalorudi mara nyingi huwachanganya wasikilizaji, kwa sababu mpira wenyewe si huu unaochezwa kando ya barabara ya Uvira na Bukavu. Ni mpira wa Australia, wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono na miguu.

Hata hivyo swali la nafasi ni swali sahihi, na huko lina uzito kuliko hapa. Tangu mwaka 2009 vijana kadhaa wa familia za wakimbizi wa upande huu wa Afrika wameingia ligi kuu ya mchezo huo. Wamesifiwa na kuandikwa magazetini. Lakini karibu wote waliingia kwa kupewa kazi nyuma ya uwanja, mbele, au kazi ya kurukia mpira. Katikati, mahali ambapo mchezo unaamuliwa, pamekuwa pagumu kufikika. Familia inayomtegemea kijana wa miaka 18 huko ingefaa kujua sababu, kwa kuwa mkataba wa kwanza wa mchezaji mpya kwa kawaida ni miaka miwili tu, na miaka miwili ni muda mfupi wa kujifunza kazi ambayo wenzake wameanza kuijua wakiwa na miaka sita.

Ili kuelewa jinsi watoto wa bonde la Ruzizi walivyofika huko, inabidi kurudi nyuma mpaka Oktoba 1996, vita vilipofika Uvira. Watu walivuka kwenda Burundi, wengine wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Vita vya 1998 viliongeza wengine. Wako waliofika Nakivale nchini Uganda, na wako waliokwenda mbali zaidi hadi Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Sudan. Kutoka kambi hizo HCR ilipeleka familia nyingi katika nchi ya tatu: Marekani, Kanada, Norwe, Australia. Waliopangiwa Australia walitawanyika, na hapo bahati ya ramani ikaanza kufanya kazi yake. Mtoto aliyeshushwa Brisbane au Toowoomba, katika jimbo la Queensland, alikuta watu wanapenda ragbi. Aliyeshushwa Melbourne, Adelaide au Perth alikuta mpira wa Australia kwenye kila uwanja wa shule. Miji pacha ya Albury na Wodonga, kwenye mto Murray, ambako Wakongo wengi wamekaa, ina ligi ya mchezo huo iliyoanza mwaka 1893. Hakuna familia iliyochagua mji kwa sababu ya mpira. Lakini mji ndio ulioamua mtoto atashika mpira wa aina gani.

Mchezo wenyewe ni mkongwe kuliko vilabu vingi vya Ulaya. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, na mmoja wa walioziandika alikuwa Tom Wills, mchezaji wa kriketi aliyetaka wenzake wawe na kitu cha kuwaweka sawa kimwili wakati wa baridi. Ligi ya jimbo la Victoria ilianza kuchezwa mwaka 1897, na mwaka 1990 ikabadilishwa jina na kuwa ligi ya nchi nzima, AFL. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Uwanja ni wa duara refu, mkubwa kuliko wa soka, na kila upande umesimamishwa nguzo nne. Mpira ukipita kati ya nguzo mbili za ndani kwa mguu ni pointi 6. Ukipita pembeni yake ni pointi 1. Mchezaji haruhusiwi kurusha mpira kwa mkono: anaupiga kwa ngumi au kwa mguu. Akikimbia nao lazima audundishe au auguse chini kila mita 15. Akidaka mpira uliopigwa kwa mguu na kusafiri mita 15 au zaidi, mchezo unasimama kwa ajili yake na anapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Hakuna kuotea. Hilo peke yake linatosha kumpoteza mtu aliyezoea soka, kwa sababu adui anaweza kuwa mbele yake, nyuma yake, kushoto na kulia kwa wakati mmoja.

Katikati ya uwanja kuna mraba. Mwanzo wa kila robo, na baada ya kila goli, mpira huanzia humo. Kwa zaidi ya karne moja mwamuzi aliudundisha chini kwa nguvu ili upae juu, na warefu wawili, mmoja wa kila timu, wakaurukia. Mrefu huyo huitwa raki. Kanuni inaruhusu wachezaji wanne tu wa kila timu ndani ya mraba: raki na viungo watatu. Mawinga wawili wanasimama nje yake, mmoja kila upande. Tangu 2019 kanuni imebana zaidi, na kila timu lazima iwe na watu sita nyuma, sita mbele na sita katikati mpira unapoanza. Kwa hiyo mpira unaposhuka kutoka mikononi mwa raki, viungo watatu kwa watatu wanaupigania mahali padogo. Anayeutoa humo safi ameipa timu yake nusu ya goli. Ndiyo maana medali ya Brownlow, inayotolewa tangu 1924 kwa kura za waamuzi, katika karne hii imekwenda karibu kila mwaka kwa mtu wa katikati.

Wa kwanza kutoka Sudan kuchaguliwa na klabu ya ligi hiyo alikuwa Majak Daw. Alizaliwa Khartoum mwaka 1991, familia yake ikapitia Misri, ikafika Melbourne mwaka 2003. Alianza kuufahamu mpira huo akiwa tayari kijana, si mtoto. Klabu ya North Melbourne ilimweka kwenye orodha ya wanagenzi mwishoni mwa 2009, kisha akangoja. Alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu Aprili 2013, na teke lake la kwanza likawa goli. Picha ya siku hiyo ilisambaa. Miaka zaidi ya mitatu iliyotangulia, ya kucheza timu ya chini na kufundishwa mahali pa kusimama, haikupigwa picha. Daw alitumiwa mbele na kama raki, kisha mwaka 2018 akahamishiwa nyuma, na huko akacheza msimu bora wa maisha yake ya mpira.

Aliir Aliir alizaliwa Kakuma mwaka 1994, katika familia ya Sudan Kusini. Hadithi yake iko karibu zaidi na ya watoto wa hapa, kwa kuwa kambi ile imelea Wakongo pia. Alikulia Brisbane akicheza soka, akabadilisha mchezo akiwa kijana, akahamia Perth na kuchezea East Fremantle. Sydney ilimchagua mwaka 2013 akiwa wa 44 katika drafti, yaani siku ambayo vilabu huchagua vijana kwa zamu, na iliyoshika mkia ikianza. Naye alingoja: mechi ya kwanza ilikuja 2016. Baada ya kuhamia Port Adelaide aliwekwa katika kikosi bora cha ligi cha mwaka 2021. Kazi yake ni beki anayekatiza mipira ya juu, na wachache huifanya vizuri kuliko yeye.

Baada yao walikuja wengine. Mabior Chol alianzia Richmond, akapita Gold Coast, akafika Hawthorn: mshambuliaji na raki wa akiba. Changkuoth Jiath, aliyezaliwa Ethiopia na kukulia Morwell katika jimbo la Victoria, alikuwa beki wa pembeni wa Hawthorn mwenye mbio. Mac Andrew, aliyezaliwa Misri, alichaguliwa wa 5 katika drafti ya 2021 na Gold Coast, na amejijengea jina kama beki wa kati. Akina dada nao wamo: Akec Makur Chuot, aliyepitia Kakuma, alichezea Fremantle ligi ya wanawake ilipoanza mwaka 2017.

Ukiwapanga wanaume hao watano kwenye uwanja utapata mabeki wazuri na washambuliaji wazuri. Hupati kiungo. Wanne kati yao wamepita sentimita 190, na hapo ndipo jibu la kwanza lilipo. Mrefu anayeruka vizuri anaweza kufundishwa kazi moja: mwangalie mpinzani wako, mpira ukija juu, ruka. Anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kabla hajaujua mchezo wote. Kiungo hana kazi moja. Katika dakika moja anapigania mpira, anamfuata mtu, anafungua nafasi, anarudi nyuma kusaidia mabeki, na kila uamuzi unategemea watu 35 wengine wanaokwenda kila upande. Ujuzi wa aina hiyo mtu hupewa na utoto kuliko kocha.

Watu wa Sange wanaweza kulipima hili kwa mpira wao wenyewe. Mtoto wa hapa hupiga mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kamba kabla hajaanza shule. Baadaye hujazana kwenye vibanda vya video na wakubwa wake, na mapenzi hayo ni ya kweli kiasi kwamba usiku wa 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipolipuka katikati ya mji na kuua zaidi ya watu 200, baadhi ya waliokufa walikuwa wamekusanyika kutazama Kombe la Dunia. Kufikia miaka 12 mtoto wa hapa anajua bila kuambiwa kwamba beki wa kulia akipanda, mtu fulani lazima azibe. Ndiyo maana Papy Kabamba Tshishimbi, na baadaye Mukoko Tonombe, walipokwenda Yanga ya Dar es Salaam, waliwekwa katikati na kuaminiwa. Nchi ilibadilika lakini mpira ulikuwa uleule. Mpeleke Mukoko huyohuyo Melbourne akiwa na miaka 17, mpe mpira wa yai, naye atawekwa pembeni. Wala haitakuwa dharau.

Waayalandi walilipitia hili kabla ya Waafrika, na habari ya Jim Stynes ingefaa isimuliwe kwa kila kijana anayeanza. Alitoka Dublin mwaka 1984, akiwa na miaka 18, baada ya klabu ya Melbourne kutafuta vijana wa mpira wa Kiayalandi, ambao unafanana kiasi na wa Australia ila mpira wake ni wa duara. Mwaka 1987 Melbourne ilikuwa sekunde chache tu kabla ya kufika fainali, jambo ambalo haikuwa imelipata tangu ilipotwaa ubingwa mwaka 1964. Mchezaji wa Hawthorn, Gary Buckenara, alikuwa amepewa mpira wa adhabu mbali na goli. Stynes, akimkimbilia mtu aliyefikiri ameachwa peke yake, akakatiza mbele ya mpigaji, kitu kilichokatazwa. Mwamuzi akamsogeza Buckenara mita 15 mbele. King'ora cha mwisho kikalia, Buckenara akapiga, goli. Hawthorn ilishinda kwa pointi 2.

Kosa lile halikutokana na uvivu wala woga. Stynes alikuwa amekimbia kuliko wote, na miguu yake ilifanya kile ambacho mwili wa mchezo mwingine ulikuwa umeifundisha. Kijana mwingine angefungasha virago. Yeye alibaki, na mwaka 1991 alipata Brownlow. Alikuwa raki, si kiungo wa kawaida, lakini raki aliyekimbia uwanja mzima kama kiungo wa nne. Tena aliweka rekodi ya kucheza mechi 244 mfululizo. Kutoka ndege ya 1984 hadi medali ni miaka saba. Hesabu hiyo ndiyo ya kweli kwa anayeanza na miaka 18, na klabu chache leo zina subira ya miaka saba.

Lakini si haki kusema kila kitu ni ujuzi wa utotoni. Kuna jibu la pili, nalo ni la zamani na halipendezi. Mwaka 1970 wasomi wawili wa Marekani, John Loy na Joseph McElvogue, walihesabu nafasi za wachezaji weusi na weupe katika besiboli na mpira wa Kimarekani, wakaona kwamba weusi walikuwa wachache sana katika nafasi za katikati, zile zenye kuamua na kuongoza, na wengi katika zile za pembeni zinazodai mbio. Ilibidi kungoja hadi Januari 1988 ndipo Doug Williams awe mweusi wa kwanza kuongoza timu kama mrusha mpira mkuu na kushinda fainali kubwa ya nchi hiyo. Huko Australia, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliwaangalia wachezaji wa jamii za wenyeji wa asili, watu waliokuwapo kabla ya Wazungu, na wakaona mambo yanayofanana: pembeni na mbele wengi, katikati wachache. Hao hawakuwa wageni wa mchezo. Walikuwa wameucheza tangu utoto. Kwa hiyo kocha akisema kijana wa Kiafrika "ana mbio, ana kipaji cha asili", sifa hiyo isipokewe mbiombio. Anayesifiwa miguu kila siku anaweza kukaa miaka mitatu bila mtu kuuliza kichwa chake kinafikiri nini.

Na hapa ndipo jina la Kongo linapoingia. Mwaka 1986 alizaliwa Rio de Janeiro mtoto wa mama Mbrazili na baba mwenye asili ya Kongo na Angola. Alipelekwa Perth akiwa na miaka mitatu, akakua kwa jina la Harry O'Brien. Collingwood, klabu yenye mashabiki wengi na kelele nyingi, ilimchukua kama mwanagenzi, si kwa drafti kuu, na akaanza kucheza mwaka 2005. Hakuwa jitu la mita mbili. Alijitafutia nafasi kama beki wa pembeni anayepanda na mpira, na mara kwa mara winga. Mwaka 2010 aliwekwa katika kikosi bora cha ligi, na Oktoba mwaka huohuo akachukua ubingwa, baada ya fainali ya kwanza dhidi ya St Kilda kwisha sare ya 68 kwa 68 na kurudiwa wiki moja baadaye. Mwishoni mwa 2013 alirudia jina alilozaliwa nalo: Héritier Lumumba. Alicheza mechi 199 Collingwood na 24 Melbourne, kisha akaacha mwaka 2016 kwa sababu ya majeraha ya kichwa.

Lumumba alisema hadharani kwamba ndani ya klabu alivumilia matusi ya rangi, na kwa miaka wengi walimbeza. Februari 2021 ripoti ya uchunguzi ilieleza kwamba Collingwood ilikuwa na ubaguzi wa kimfumo, na rais wa klabu akajiuzulu mwezi huohuo. Mambo haya hayajatenganishwa na mpira kama watu wanavyodhani. Kiungo ni mtu anayepiga kelele uwanjani na kupanga wenzake, akisikilizwa. Kijana ambaye hawezi kusema neno chumba cha kubadilishia nguo bila kuchekwa jina au lafudhi, ataweza vipi kuwaamuru wengine mbele ya watu 80,000?

Bado njia ya Lumumba ndiyo inayofaa kutazamwa na vijana wa asili ya Kongo, na sababu yake ni ya mwili tu. Si kila mtoto wa Maziwa Makuu atafika sentimita 195. Wengi watakuwa wa kimo cha kawaida, na kwao mlango wa raki na wa beki mrefu umefungwa tangu mwanzo. Wanabaki na pembeni na katikati. Jambo hilo linaonekana kama hasara, ila lina faida moja: hakuna kocha atakayeshawishika kuwaficha kwenye kazi moja ya kuruka. Wataingia kama beki wa pembeni, mahali ambapo mchezo unaonekana wote mbele na mtu ana nusu sekunde zaidi ya kufikiri. Akithibitisha pale, hupelekwa winga. Winga akijua kurudi na kusaidia, siku moja huitwa ndani ya mraba. Claude Makélélé alipanda ngazi inayofanana na hiyo katika soka. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1973, akahamia Ufaransa akiwa mdogo. Nantes, aliyochukua nayo ubingwa mwaka 1995, ilimtumia upande wa kulia. Katikati alikaa baadaye, na alipofika Chelsea mwaka 2003 Waingereza wakaanza kuiita nafasi ile kwa jina lake.

Vipimo vinavyomngoja kijana vinajulikana. Kabla ya drafti hukimbizwa kilomita 2 kwa saa ya mkononi, na viungo wazuri humaliza karibu na dakika 6. Pumzi imepanda thamani kwa sababu ligi imepunguza idadi ya mara ambazo timu inaweza kubadilisha wachezaji katika mechi moja: 120 mwaka 2014, 90 mwaka 2016, 75 tangu 2021. Zamani kiungo alikimbia, akatoka, akapumua, akarudi. Sasa hubaki ndani akiwa amechoka, na wakati huo ndipo akili ya mchezo inapohitajika zaidi. Kijana mwenye mapafu ya kupanda milima ya Uvira na kushuka ana pa kuanzia. Mapafu hayatamwambia asimame wapi.

Vilabu pia vimepewa sababu ya kutafuta mapema. Katikati ya miaka ya 2010 ligi ilianzisha shule za vipaji ambazo kila klabu inaziendesha katika eneo lake kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili na wa familia zilizotoka Afrika na Asia. Klabu inayomlea mtoto hupewa upendeleo wa kumchukua. Upendeleo huo una mipaka yake. Mac Andrew alilelewa katika shule ya Melbourne, lakini kanuni ya mwaka ule ilizuia klabu kumdai mchezaji aliyeitwa ndani ya 20 za kwanza, na Gold Coast ikamwita wa 5. Hata hivyo shule hizo zimebadilisha jambo moja muhimu kwa kiungo: umri wa kuanza. Daw aliushika mpira ule akiwa kijana. Wadogo zao waliofika wakiwa wamebebwa mgongoni, au waliozaliwa Wodonga na Dandenong, wanaanza na miaka sita kwenye mazoezi ya Jumamosi ya watoto. Hao wataufikia umri wa drafti wakiwa na miaka 12 ya mchezo vichwani.

Kwa aliye tayari kwenye orodha ya klabu, akiwa na miaka 18 au 19 na mkataba unaohesabika kwa miezi, kazi ni ndogo kuliko ndoto na ni ngumu kuliko ndoto. Mwaka wa kwanza atacheza timu ya chini, pengine mbele ya watu mia mbili, nyuma upande wa kushoto. Jina lake halitatajwa redioni. Mahali pa kumpima si pale anapokimbia na mpira, kwa maana hapo kila mtu atamwona. Ni pale mpira unapokuwa upande wa pili wa uwanja, mita 80 kutoka kwake, na yeye tayari ameanza kutembea kuelekea mahali utakapoangukia.